Mrithi asiyejua kwamba ni mrithi

Mwaka 2018 nilikuwa fundi wa zamu katika kiwanda cha chupa za plastiki jijini Dar es Salaam. Tulikuwa tunapokea prifomu, vile vichupa vidogo vinene vinavyofanana na mirija ya maabara, tunavipasha moto na kuvipuliza kwa upepo wa kompresa mpaka vinakuwa chupa za maji. Mashine ilikuwa moja, kubwa, ya kisasa, na ilikuwa na bwana wake: mtaalamu wa kigeni tuliyezoea kumwita Injinia. Paneli ya mashine ile ilikuwa na ngazi tatu za kuingilia. Ya kwanza ya mwendeshaji, kwa kuwasha, kuzima na kuhesabu chupa. Ya pili ya fundi, kwa kusoma hitilafu na kuzifuta. Ya tatu ndiyo iliyobeba viwango vya joto la kila taa na muda wa kupuliza. Hiyo ilifunguliwa kwa namba sita, na namba hizo zilikuwa kichwani mwa Injinia peke yake.

Alipokwenda likizo ya Desemba, chupa zikaanza kutoka na vitako vilivyopinda. Ukiiweka mezani inalala. Tatizo tulilijua: taa za kupasha sehemu ya chini zilikuwa zimechoka. Tukazibadilisha. Lakini taa mpya ina nguvu kuliko iliyochoka, kwa hiyo joto lilipaswa kupunguzwa, na joto liko ngazi ya tatu. Tukampigia Injinia. Akaomba simu apewe meneja. Meneja akasimama mbele ya paneli, akabonyeza namba sita huku mkono wa kushoto umekinga vidole, kama mtu anayetoa fedha benki na nyuma yake kuna foleni. Mashine ikatulia. Injinia aliporudi Januari, kabla hata hajanywa chai, alibadilisha namba.

Miezi michache baadaye niliingia ofisi ya afisa utumishi kusainiwa fomu ya likizo. Mezani kulikuwa na faili limefunuliwa, nami nikaona jina langu, majina yote matatu, kwenye safu ya "mrithi". Yalikuwa maombi ya kuongeza muda wa kibali cha kazi cha Injinia. Karatasi ile ilisema nimekwishahudhuria mafunzo mawili, kiwango changu cha ujuzi ni cha wastani, na ninahitaji miezi 24 mingine ili niwe tayari. Mafunzo hayo sikuhudhuria hata moja. Wala hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mimi ni mrithi wa yeyote.

Nililirudisha faili nilivyolikuta, nikasainiwa likizo yangu, nikatoka. Lakini kila unapozuka mjadala wa wageni na ajira zetu, faili lile linanirudia. Mjadala wetu huzunguka palepale: wamejaa, wana vibali au hawana, wakamatwe, waondolewe. Wakati huohuo sheria tunayodai itekelezwe ina jambo zito kuliko hayo, na jambo hilo tumelifanya karatasi ya kuambatisha.

Sheria yenyewe ni ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka 2015. Ilipita bungeni Machi mwaka huo na kuanza kutumika Septemba 15. Kabla yake mambo yalikuwa yametawanyika. Kulikuwa na Sheria ya Uhamiaji ya 1995, ambayo kibali chake cha daraja B ndicho kilichomruhusu mgeni kuishi na kufanya kazi. Kulikuwa na sheria ya huduma za ajira ya 1999. Kulikuwa pia na Sheria ya Uwekezaji ya 1997, iliyompa mwekezaji mwenye cheti cha Kituo cha Uwekezaji nafasi tano za kuanzia za wafanyakazi wa kigeni. Mlango ulikuwa na washika funguo wengi. Sheria ya 2015 ikamkabidhi Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa kibali cha kazi, kukikataa na kukifuta, na Uhamiaji ikabaki na kibali cha ukaazi. Ndiyo maana leo mgeni anahitaji vyote viwili, na kila kimoja kina ada yake.

Madaraja ya kibali cha kazi ni matano. A ni ya mwekezaji na anayejiajiri. B ni ya fani zilizotajwa maalumu: afya, mafuta na gesi, walimu na wahadhiri wa sayansi na hisabati. C ni ya fani nyingine zote, na huko ndiko aliko Injinia wangu pamoja na wageni wengi wa viwandani, hotelini na kwenye ujenzi. D ni ya shughuli za dini na hisani. E ni ya mkimbizi. Kwa miaka mingi ada ya daraja C imekuwa dola 1,000, ya B dola 500, na mwajiri akitoka hapo anakwenda Uhamiaji kulipia ukaazi, ambao kwa daraja B la Uhamiaji umekuwa zaidi ya dola 2,000. Si fedha ndogo. Mwajiri anayelipa kiasi hicho pamoja na mshahara mnono, nyumba na tiketi za ndege, mara nyingi anamhitaji kweli mtu huyo. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani kila mgeni aliye kazini ameingizwa kwa upendeleo. Mashine yetu ilimhitaji Injinia. Siku ya kwanza kulikuwa hakuna Mtanzania pale kiwandani aliyeijua.

Lakini je, siku ya elfu moja?

Hapo sheria inajibu vizuri kuliko wengi tunavyodhani. Inamtaka Kamishna, kabla hajatoa kibali, ajiridhishe kwamba mwajiri amejitahidi kumtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo na hakumpata. Kisha inamtaka mwajiri aandae mpango wa urithishaji unaoeleza wazi jinsi ujuzi wa mgeni utakavyohamia kwa raia katika muda wa ajira yake, na aweke programu ya mafunzo itakayowawezesha wenyeji kuzishika kazi hizo. Ukisoma vifungu hivyo kwa utulivu unaona kwamba kibali ni makubaliano kati ya nchi na mwajiri. Tunakufungulia mlango umlete mtu tusiye naye, nawe ujuzi wake utuachie. Dola zile ni gharama za ofisi tu. Malipo yenyewe ya kibali ni ujuzi unaobaki.

Sasa tuangalie tunavyoyadai malipo hayo. Kiwandani kwetu walikuja maofisa mara mbili katika miaka yangu. Mara zote ilikuwa hivi: wageni wote wakusanyike chumba cha mikutano, vibali na pasi mezani, picha ilinganishwe na sura, tarehe zisomwe, idadi iandikwe. Mara ya pili nilikuwa naziba bomba la upepo hatua chache kutoka mlangoni, niliweza kuwasikia. Kila swali walilouliza lilimhusu mgeni. Aliingia lini? Kibali kinakwisha lini? Cheo kilichoandikwa ndicho anachofanya? Hakuna aliyeuliza mrithi wake ni nani, yuko zamu gani, aitwe. Wangeniita ningekwenda na spana mkononi, na kwa dakika tano wangejua hali halisi ya mpango ule.

Siwalaumu maofisa wale kama watu. Kukagua kibali kuna jibu la ndiyo au hapana, na ripoti yake inaandikika: tumekagua kampuni kadhaa, tumekuta wageni kadhaa hawana vibali. Kukagua urithishaji kunataka mtu akae, aangalie mashine, amuulize fundi jambo la kifundi, alinganishe alichojua mwaka jana na anachojua leo. Ofisi yenye maofisa wachache na mkoa mzima wa viwanda itachagua lile linalohesabika. Mkaguzi hukipata kile alichotumwa akitafute.

Lipo tatizo la ndani zaidi, na hili linatokana na namna sheria ilivyopangwa, wala halihitaji mtu mbaya. Mwajiri anapoomba kuongezewa muda wa mtaalamu wake, anatakiwa kuonyesha kwamba bado anamhitaji. Ataonyeshaje? Kwa kusema mrithi hajawa tayari. Kwa maneno mengine, mafunzo yasipofanyika ndipo hoja ya kuongeza muda inapopata nguvu. Mwajiri aliyefundisha kwa bidii anabanwa kwa sababu mrithi yupo; aliyezembea anaongezewa miezi 24. Mtu mwenye hesabu zake atachagua njia ipi?

Na tumfikirie Injinia mwenyewe. Nilimchukia siku ile alipobadilisha namba, lakini nimekuja kumwelewa. Alikuwa na watoto wanasoma kwao kwa mshahara alioupata Dar es Salaam. Siku nitakayoweza kufungua ngazi ya tatu na kuipanga mashine bila yeye, kibali chake kinakosa sababu. Tunamtaka mtu afundishe kwa moyo somo ambalo mtihani wake ni yeye kuondoka. Namba sita zile zilikuwa akiba yake ya uzeeni. Sheria inayotegemea wema wa mtu aliyewekwa katika hali hiyo haijamtendea haki hata yeye.

Mwaka 2021 Bunge liliirekebisha sheria, na kikomo cha muda wa vibali vya mtu mmoja, kile cha kwanza pamoja na nyongeza zake, kikasogezwa kutoka miaka mitano hadi minane. Wapo waliolalamika kwamba tumewaongezea wageni miaka. Mimi sikulalamika. Ujuzi mwingine hauivi kwa miaka mitano, na mwekezaji anayeanza mtambo mpya anahitaji utulivu. Ninachokiona ni kingine: miaka hiyo, iwe mitano au minane, inahesabiwa kwa mtu. Mgeni akimaliza muda wake anaondoka, anakuja mwingine kwenye kiti kilekile, na saa inaanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Mwenye kikomo ni mtu, kiti hakina. Kampuni inaweza kukaa miaka 20 na nafasi moja ikashikwa na wageni wanne mfululizo, kila mmoja na kibali safi, kila mmoja na karatasi ya mpango wa urithishaji yenye jina la Mtanzania.

Tumeliona hili hadharani, kwenye kiti kikubwa kuliko cha fundi wa mashine. Mwaka 2018 Vodacom Tanzania ilimteua Sylvia Mulinge, Mkenya kutoka Safaricom, kuwa mkurugenzi mtendaji. Kibali cha kazi hakikutoka, miezi ikapita, akarudi Nairobi. Nchi nzima ilizungumza, na wengi walishangilia kana kwamba ajira imeokolewa. Mwaka uliofuata akathibitishwa Hisham Hendi, raia wa Misri. Baada yake akaja Sitholizwe Mdlalose, kisha mwaka 2022 Philip Besiimire wa Uganda. Sina neno baya juu ya yeyote kati yao, na kampuni yenye wanahisa wa nje ina haki ya kumtaka kiongozi inayemwamini. Ninauliza tu: katika kelele zote zile za 2018, nani aliuliza ni Mtanzania gani anayeandaliwa kwa kiti hicho, na atakikalia mwaka gani? Tulibishana juu ya pasi ya mtu mmoja, kiti tukakiacha.

Upande wa pili kuna NMB. Benki ile iliongozwa kwa miaka na wakurugenzi watendaji kutoka Uholanzi, nchi ya Rabobank, iliyokuwa mwanahisa wake mkubwa. Mwaka 2020 akathibitishwa Ruth Zaipuna, Mtanzania, aliyekuwa mkuu wa fedha wa benki hiyohiyo. Hakuokotwa nje siku kibali cha mtu kilipokwisha. Alikuwa ndani, kwenye chumba ambamo maamuzi yanafanyika, anaziona hesabu zote. Urithishaji wa kweli unafanana na hivyo: mrithi anaijua ngazi ya tatu ya paneli kabla mwenyewe hajaondoka.

Nigeria waliliona tatizo la kiti mapema. Sheria yao ya 2010 ya kukuza ushiriki wa wazawa katika mafuta na gesi inasema kila nafasi isiyoshikwa na Mnigeria iwe na mpango wa urithishaji, Mnigeria ajifunze chini ya mgeni kwa muda usiozidi miaka minne, na baada ya hapo nafasi iwe ya Mnigeria. Kampuni inaruhusiwa kubakiza wageni katika asilimia 5 tu ya nafasi za uongozi, kulinda masilahi ya mwekezaji. Utekelezaji wao nao una matundu yake, lakini angalia saa imefungwa wapi. Imefungwa kwenye nafasi. Kubadilisha mgeni hakuirudishi sifuri. Sisi tuna kanuni za 2018 za ushiriki wa Watanzania katika madini, ambazo zinataka mipango ya ajira, mafunzo na urithishaji iandikwe na ipelekwe kwa msimamizi wa sekta. Huko angalau kuna mtu wa kuisoma. Kiwanda cha chupa, hoteli au kampuni ya ujenzi haina msimamizi wa namna hiyo. Ina Afisa Kazi mwenye mkoa mzima mabegani.

Nitaje na Zanzibar, kwa sababu wengi huchanganya. Sheria ya 2015 ni ya Tanzania Bara. Kazi si jambo la Muungano, uhamiaji ndio wa Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira yake, Namba 11 ya 2005, na vibali vyake vya kazi. Mpishi mgeni anayehamishwa na mwajiri wake kutoka Arusha kwenda Nungwi hawezi kuendelea na kibali cha Bara. Mwajiri asiyelijua hilo anajikuta na mfanyakazi mwenye ukaazi halali na kazi isiyo halali.

Ninapozungumza hivi huwa naulizwa kuhusu majirani. Shule zetu nyingi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza zilijengwa juu ya mabega ya walimu wa Kenya na Uganda, na sheria ilipoanza kusimamiwa kwa ukali wengi wao walijikuta hawana karatasi zinazotakiwa. Mwalimu wa hisabati ana daraja B. Mwalimu wa Kiingereza hayumo humo, anaangukia C. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Julai 1, 2010, inaruhusu wafanyakazi wa fani ambazo kila nchi imeziorodhesha kuvuka mpaka, na kanuni zake zinataka kibali kitolewe ndani ya siku 30. Kenya, Uganda na Rwanda zilikwishafutiana ada. Sisi tumekwenda kwa hadhari, na hadhari hiyo ina sababu zake. Lakini hata hapa swali langu ni lilelile. Mwalimu wa Kiingereza kutoka Kampala amekaa darasa la tatu miaka sita. Je, yupo mwalimu wa Kitanzania aliyekaa pembeni yake mwaka mzima, akajifunza namna anavyofundisha mtoto kusoma kwa sauti? Kama hayupo, tutamfukuza mwalimu na watoto watapewa kitabu bila mwalimu. Nimeona shule ikifanya hivyo.

Serikali inaweza kwenda kasi ikitaka. Julai 2025, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wafanyabiashara wa Kariakoo, ilitoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ukarabati wa simu, saluni na kuongoza watalii. Faini kwa mgeni si chini ya shilingi milioni 10, na Mtanzania anayemsaidia naye ana adhabu yake. Walalamikaji wa Kariakoo walikuwa na hoja: anayeuza vikombe rejareja hatuletei ujuzi tusio nao. Mtaalamu aliyeajiriwa ni jambo jingine kabisa. Yule wa rejareja tunataka atoke. Huyu tunataka kitu kitoke kwake kije kwetu, na kumtoa haraka kabla hakijatoka ni hasara yetu wenyewe. Ninaogopa hamasa ya amri ile isije ikahamia kwenye ajira, tukaanza kupima mafanikio kwa idadi ya walioondolewa.

Reli ya TAZARA ni kumbukumbu ninayoirudia. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zilizojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia katika miaka ya 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Pale Gongo la Mboto yako makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofia kazini. Wakati ujenzi ukiendelea, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli, na chuo cha mafunzo kikajengwa Mpika, Zambia. Ujuzi ulihamishwa kwa dhati kuliko mahali pengi nilipopata kupaona. Hata hivyo, mwaka 2025 mkataba wa miaka 30 ulisainiwa wa kuikabidhi reli ileile kwa kampuni ya Kichina iifufue na kuiendesha, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Waliofundishwa walizeeka na kustaafu, na nyuma yao hawakuwekwa wengine kwa bidii ileile. Basi tusidhani kwamba urithishaji ni kumfundisha mtu mmoja mara moja. Mrithi naye anahitaji mrithi.

Kwa upande wa treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, zilizotengenezwa Korea Kusini, na bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, lililojengwa na wakandarasi wa Misri, wakati wa kuuliza ni sasa, wakati wageni wenye ujuzi bado wanapatikana. Nani anashika namba za ngazi ya tatu? Majina yake yapo? Anajua kwamba yeye ndiye?

Kama ningeambiwa nibadilishe kitu kimoja tu katika utekelezaji wa sheria hii, ningeanza na saini. Mpango wa urithishaji usipokelewe na Kamishna wa Kazi bila saini ya mrithi mwenyewe na namba yake ya simu. Maombi siku hizi yanapelekwa kwa mfumo wa mtandaoni. Kumtumia mrithi ujumbe kumuuliza kama anajua ametajwa hakuhitaji kuajiri afisa mpya. Muda wa kuongeza kibali ukifika, aulizwe yeye kwanza, bila mwajiri kuwepo: umefundishwa nini, unaweza kufanya nini peke yako, ni kipi bado umefungiwa? Saa ya miaka minane ihesabiwe kwa nafasi, na anayetaka kumpa mgeni wa pili nafasi hiyo aeleze kwa maandishi kilimpata nini mrithi wa kwanza. Sehemu ya zile dola 1,000 irudi kwa mwajiri ambaye mrithi wake amethibitishwa kazini kwa mshahara wa nafasi hiyo. Mshahara nausisitiza, kwa sababu nimeona mafundi waliojifunza kila kitu wakaachiwa mashine yote kwa posho ya kukaimu, mpaka wakachoka wakaenda kwingine, na mwajiri akapata sababu ya kuomba mgeni mpya. Na mgeni aliyekabidhi vizuri apewe njia ya heshima ya kubaki: aombewe kibali kwenye mtambo mwingine, nafasi nyingine, kwa sifa ya kuwa mwalimu. Asione kufundisha kuwa ni kujifukuza.

Watakaosema hilo litawatisha wawekezaji nawaomba wazifikirie hesabu za mwekezaji mwenyewe. Kiwanda chetu kilipoteza karibu zamu tatu Desemba ile kwa kusubiri namba sita kutoka ng'ambo ya bahari. Fundi aliyefundishwa angeyamaliza yale kwa nusu saa.

Baadaye niliacha kazi pale. Mwaka jana nilikutana na mwenzangu wa zamu ya usiku, bado yuko palepale. Nikamuuliza habari za Injinia. Akaniambia alishaondoka, akaja mwingine, naye ameondoka, sasa yupo wa tatu. Mashine ni ileile. Nikamuuliza mrithi ni nani siku hizi. Alifikiri kidogo, akasema labda mimi nilikuwa nimesahaulika kwenye faili, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtajia mtu yeyote. Namba za ngazi ya tatu zimeongezwa, sasa ni nane.